Kidonge, kapsuli, jeli au unga: kilichomo mbali na vitamini, na kipi uchague

Vitamini D ya uniti 1000 ina uzito wa mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya arubaini ya miligramu moja. Ukiiweka juu ya ukucha utaiona kwa shida. Kiwanda hakiwezi kukuuzia chembe hiyo peke yake, kwa hiyo huichanganya na unga mwingine, uitwao kijazio, na kuugandamiza mpaka kipatikane kidonge cha miligramu 100 hivi ambacho vidole vinaweza kukishika. Zaidi ya asilimia 99.9 ya kidonge hicho si vitamini, na hakuna aliyekudanganya. Ukiona vyaelea, vyaundwa.

Sasa chukua kidonge cha kalsiamu. Kalsiamu kaboneti ina asilimia 40 tu ya kalsiamu yenyewe, kwa hiyo ili upate miligramu 500 lazima ndani mwake mwingie miligramu 1250 za kaboneti. Hapo kijazio hakina pa kukaa. Kikiongezwa sana kidonge hakimezeki. Kwa mifano hii miwili utaona kwa nini kuuliza "kijazio ni asilimia ngapi?" hakukusaidii kuchagua. Uliza kijazio ni cha aina gani, kimetoka kwenye nini, na kama mwili wako una neno nacho. Kwa Unguja na Pemba ongeza maswali mawili ambayo lebo za nje hazijali sana: je, ni halali, na je, kitahimili unyevu wa masika na joto la kaskazi?

Majina ya chini ya lebo

Chupa nyingi zinazotoka Marekani zina mstari chini ya kisanduku cha vitamini unaoanza na maneno "Other Ingredients". Za Ulaya huorodhesha vyote pamoja, mara nyingi kwa namba za E, yaani namba ambazo Ulaya huvipa viongezeo. Soma mstari huo kabla ya kusoma jina kubwa la mbele.

Selulosi (E460) ni nyuzinyuzi za mbao au pamba zilizosafishwa. Haimeng'enywi, hutoka kama ilivyoingia. Kalsiamu fosfati (E341), wanga wa mahindi na maltodekstrini nazo ni vijazio vya kawaida. Silika (E551) huzuia unga usigandane. Sheria ya Marekani inairuhusu mpaka asilimia 2 ya uzito wa chakula. Hivi vyote haviwasumbui watu wengi.

Magnesiamu stearati (E470b) ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote kwenye simu za watu. Ni kilainishi: bila yake unga hunata kwenye mashine na vidonge hutoka vimemeguka. Kawaida huwekwa asilimia 1 au pungufu, yaani miligramu 10 kwenye kidonge cha gramu moja. Asidi ya steariki iliyomo humo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mafuta ya nyama ya ng'ombe na kwenye chokoleti, tena huko ni nyingi mno kuliko hapa. Kinachoweza kuharibika kweli ni kingine. Kiwanda kikiizidisha, au kikichanganya muda mrefu kupita kiasi, hufunika chembe za unga kwa utando wa mafuta, maji yanashindwa kupenya na kidonge hakivunjiki tumboni kwa wakati. Kitu cha pili cha kuangalia ni asili yake, maana hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama. Kampuni inayoandika wazi kwamba ni ya mimea imekuondolea kazi.

Laktosi huwatisha wale ambao maziwa huwavuruga tumbo. Kikombe cha maziwa kina takriban gramu 12 za laktosi. Kidonge kina miligramu mia moja au mia mbili. Ni pungufu mara sitini au zaidi, na walio wengi hawatahisi chochote. Mwenye aleji ya protini ya maziwa, anayevimba midomo au kubanwa na kifua, huyo habari yake ni nyingine. Achague kisicho na asili yoyote ya maziwa.

Titani dioksidi (E171) inafanya kazi moja tu, kung'arisha weupe. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa sababu uwezekano wa kudhuru vinasaba haukuweza kuondolewa. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye chakula, na tangu Agosti 2022 hairuhusiwi, ingawa kwenye dawa za hospitali bado imeachwa. Marekani na Uingereza zinaendelea kuiruhusu, na kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliipitia upya mwaka 2023 bila kuweka kikomo. Wakubwa hawajakubaliana. Msimamo wetu ni mwepesi: haikuongezei afya hata chembe, basi kati ya chupa mbili zinazolingana, chukua isiyo nayo. Kama ulishameza chupa nzima, hakuna haja ya kukosa usingizi.

Kwenye rangi, E102, E110 na E129 zinatakiwa Ulaya ziandikiwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. E120 ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu, na E904 ni gamu ya mdudu inayong'arisha vidonge. Anayejali hayo kwa ajili ya dini azijue namba hizo kwa moyo.

Kwa mkupuo mmoja

| Umbo | Viongezeo vyake vikuu | Tatizo lake hapa kwetu |
|---|---|---|
| Kidonge kigumu | Selulosi, kalsiamu fosfati, stearati, wakati mwingine rangi | Kinaweza kuwa kigumu mno kisivunjike. Vinginevyo ndicho kinachohimili unyevu vizuri |
| Kapsuli ngumu | Ganda la jelatini au la selulosi, unga mchache wa kujaza | Asili ya jelatini. Ganda hulainika |
| Kapsuli laini | Jelatini, gliserini, sorbitoli, mafuta | Hugandana kwa joto. Mafuta huchacha |
| Cha kutoa povu | Asidi ya sitriki, magadi, vitamu | Sodiamu nyingi. Huharibika kikipata unyevu |
| Jeli ya kutafuna | Sukari, pektini au jelatini, rangi | Watoto hudhani ni peremende |
| Unga | Mara nyingi hakuna kilichoandikwa | Huna ujualo ila muuzaji |

Kapsuli ngumu: jelatini au selulosi

Hapa ndipo pa kutulia. Ganda tupu la saizi 0, ambayo ndiyo ya kawaida, lina uzito wa karibu miligramu 100, na unga uingiao ni kama miligramu 500 kutegemea uzito wa unga wenyewe. Maana yake, sehemu moja kwa sita ya unachomeza ni ganda. Ukimeza kapsuli sita kwa siku, kama baadhi ya chupa zinavyoelekeza, umekula zaidi ya nusu gramu ya jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Si kiasi cha kupuuza kwa anayefuata halali.

Lebo ikisema "gelatin" bila neno jingine, ichukulie kuwa asili yake haijulikani. Ikiandika "bovine" ni ya ng'ombe, "porcine" ni ya nguruwe, "fish" ni ya samaki. Ya ng'ombe nayo haijawa halali kwa jina tu, kwa sababu kuna suala la kuchinja. Alama ya halali ya shirika linalotajwa kwa jina ndiyo inayojibu. Kama hitilafu za wanazuoni kuhusu kitu kilichobadilika umbile zinakuhusu, muulize sheikh wako kabla ya kununua. Ikiwa hutaki mjadala wowote, tafuta ganda la selulosi (E464), ambalo lebo huliita "HPMC" au "hypromellose". Hilo latokana na mimea.

Faida ya pili ya selulosi wengi hawaijui, na hapa visiwani ni kubwa. Ganda la jelatini lenyewe hubeba maji asilimia 13 hadi 16. Hewa ikiwa na unyevu mwingi hulainika na kunata, ikiwa kavu mno hupasuka. Likikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, jelatini hujifunga kwa ndani ikawa kama ngozi isiyoyeyuka vizuri tumboni. Kwa macho kapsuli ni nzima, kumbe inachelewa kufunguka. Ganda la selulosi lina maji machache, chini ya asilimia 8 kwa kawaida, na halina tabia hiyo. Bei yake huwa juu kidogo. Kwa mtu anayeweka chupa nyumbani Wete au Makunduchi bila kiyoyozi, sisi tungelipa tofauti hiyo.

Ukishanunua ya jelatini na moyo haukutulii, kapsuli ya unga wa kawaida waweza kuifungua na kumwaga unga kwenye uji. Usifanye hivyo kwa kapsuli iliyoandikwa kuwa huachia dawa polepole au imefunikwa isiyeyuke tumboni. Hiyo ukiifungua umeivuruga.

Mafuta ya samaki

Mbele imeandikwa 1000 mg, mtu akadhani anapata omega-3 miligramu 1000. Geuza chupa. Kapsuli ya kawaida ina EPA 180 na DHA 120, ambazo ndizo omega-3 zenyewe, jumla miligramu 300. Zile 700 zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki, na juu yake kuna ganda la jelatini. Linganisha chupa kwa jumla ya EPA na DHA, gawanya bei kwa hiyo, utaona mara nyingi chupa ya bei kubwa ndiyo rahisi.

Tikisa kabla ya kulipa. Kapsuli laini nzuri hugongana moja moja. Zilizogandana husikika kama bonge moja, au hazisikiki. Chupa iliyokaa dirishani juani iache hapo hapo. Nyumbani kata moja: ikinuka kama rangi ya mafuta au karanga zilizochacha, tupa zote. Na kwa watu wanaoweza kununua vibua na dagaa kila siku sokoni, mafuta hayo hayo yako kwenye sahani bila ganda.

Vya povu na jeli

Kidonge cha povu ni asidi na magadi vikisubiri maji. Chepesi kumeza, kitamu, lakini kimoja mara nyingi hubeba sodiamu miligramu 200 hadi 400, na WHO inasema mtu mzima asizidishe 2000 kwa siku nzima. Mwenye presha anayekunywa viwili kila siku amejitia chumvi bila kuionja. Unyevu ukiingia kwenye kopo, asidi na magadi huanza kazi yao kabla hujatia maji: kidonge huvimba, hutoa madoadoa, kisha kwenye glasi hakitoi povu la maana. Kifuniko chenye vipunje vya kunyonya maji kisiachwe wazi hata dakika tano.

Jeli za kutafuna hatuzipendekezi. Mbili zake mara nyingi huwa na gramu 2 hadi 4 za sukari, na vitamini haikai vizuri ndani ya kitu chenye maji, kwa hiyo viwanda hutia ya ziada ili ifike mwisho wa muda wake. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la JAMA mwaka 2023 ulipima jeli 25 za melatonini (homoni ya usingizi) za Marekani: 22 hazikulingana na lebo, na kiasi kilichokutwa kilianzia asilimia 74 mpaka 347 ya kilichoandikwa.

Unga wa mlonge, manjano na vyenziwe

Wengi hukimbilia unga wa nyumbani kwa kuogopa viongezeo vya kiwandani. Ni wazo zuri kwa baadhi ya vitu, kwa vingine ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi.

Mlonge kwanza. Unga wa majani makavu hutajwa kuwa na takriban gramu 2 za kalsiamu kwa kila gramu 100. Kapsuli moja ya miligramu 500 basi inakupa kama miligramu 10, na mtu mzima anahitaji 1000 hivi kwa siku. Kapsuli ya mlonge haina kijazio, ni safi, na bado haikufai kitu. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, gramu 8 hivi, ndani ya uji au mchuzi, kitakupa kama 160. Mlonge ni mboga. Ule kama mboga.

Anayetaka kuongeza uzito wa mlonge hutia unga wa muhogo au wa ngano. Kuupima ni rahisi. Chemsha kijiko cha chai cha unga kwenye nusu kikombe cha maji, acha upoe kabisa, chuja kwa kitambaa, kisha tia matone mawili ya iodini ya kuoshea vidonda. Rangi ikigeuka buluu iliyokoza au nyeusi, kuna wanga mwingi uliotiwa. Isipobadilika ongeza matone mawili matatu, maana majani yenyewe humeza iodini kidogo. Maji hayo yamwage, si ya kunywa. Kipimo hiki hakikamati majani mengine wala pumba, na usikitumie kwa manjano: mzizi wa manjano una wanga wake mwingi wa asili, utageuka buluu hata ukiwa safi.

Manjano yana hatari yake kubwa zaidi. Bangladesh, wachunguzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2019 walikuta wasagaji wakitia kromati ya risasi ili mzizi uliofifia uonekane wa njano kali. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hapana kipimo cha jikoni cha kukiamini. Dawa yake ni kununua mzizi mzima na kuusaga mwenyewe, jambo ambalo kwetu ni jepesi. Mashamba ya viungo yako Kizimbani na Kindichi, na mzizi mzima unapatikana. Kuhusu kapsuli za manjano, elewa tu kwamba mzizi una kurkumini, kiini chake cha njano, kama asilimia 3, ilhali dondoo la kiwandani hufika asilimia 95. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na dondoo likiongezwa piperini ya pilipili manga linaweza kugombana na dawa nyingine unazotumia.

Ubuyu nao uutenge: unga mweupe wa tunda ni kitu kimoja, ubuyu mwekundu wa kumumunya ni peremende yenye sukari na rangi. Usimpe mtoto huo mwekundu ukidhani umempa unga wa tunda.

Kisichoandikwa kabisa

Viongezeo vyote vya juu vina sifa moja nzuri: vimeandikwa. Cha kuogopa zaidi ni kile kisichoandikwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuta mara nyingi dawa za hospitali zilizofichwa: sildenafili ndani ya "mitishamba" ya nguvu za kiume, sibutramini ndani ya vidonge vya kupunguza mwili, na deksamethasoni ndani ya vidonge vya maumivu ya viungo. Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Sildenafili ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Mitishamba inayofanya kazi ndani ya saa moja, au inayokomesha maumivu ya miaka kwa siku mbili, ichukulie kuwa ina dawa ya hospitali ndani yake.

Angalia pia maneno "Proprietary Blend". Hapo kampuni inatoa uzito wa jumla wa mchanganyiko na kuficha kiasi cha kila kimoja. Mmea ghali uliotajwa mwisho unaweza kuwa chembe tu ya kupamba jina. Alama ya "USP Verified", ya shirika la Marekani linaloweka viwango vya ubora wa dawa, inathibitisha kwamba kilichoandikwa kimo, kwa kiasi chake, na kidonge huvunjika. Kwa hapa Zanzibar, Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, ndiyo ya kuulizwa kama bidhaa imesajiliwa. Mwenye duka halali hatakasirika ukiuliza.

Kwa hali yako

Mjamzito: vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki ndivyo vya kwanza. Rangi nyekundu iliyovipaka isikufanye uviache. Chuma kilichomo kina kazi kubwa kuliko rangi ina dhara. Usimeze pamoja na chai ya rangi, subiri saa moja au mbili, na kwenye mwezi wa Ramadhani panga hivyo baina ya futari na daku. Usijiongezee mafuta ya ini la chewa, kwa sababu vitamini A ya aina hiyo ikipita mikrogramu 3000 kwa siku inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mwenye kisukari au presha: kidonge kigumu au kapsuli. Jeli na vya povu viache.

Mtoto mdogo: hapa Pemba ina funzo lake. Utafiti mkubwa uliofanywa huko, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, ulikuta kwamba watoto wa miezi 1 hadi 35 waliopewa chuma na foliki asidi bila kupimwa kwanza, wakati malaria imejaa, walikuwa kwa asilimia 12 zaidi katika hatari ya kufa au kulazwa kwa madhara makubwa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003. Viwango vilikuwa vidogo, miligramu 12.5. Hapakuwa na kijazio cha kulaumiwa. Ilikuwa ni kiambato chenyewe. Mtoto asipewe chuma cha dukani, kiwe na rangi au kisiwe nayo, mpaka damu yake ipimwe.

Mzee wa kalsiamu: kidonge kigumu, lakini kijaribu. Tia kimoja kwenye siki nyeupe au maji vuguvugu, koroga mara moja moja kwa dakika 30. Kisipovunjika vipande, tumbo nalo litapata kazi hiyo hiyo, badilisha aina. Jaribio hili ni la vidonge visivyofunikwa utando.

Chupa ikishafunguliwa, pamba ya mdomoni itoe, maana hunyonya unyevu, na kifuko cha silika kiache ndani. Usiweke kwenye friji halafu ukaifungua jikoni kwenye joto: matone hujikusanya ndani ya chupa baridi. Kabati la chumbani, mbali na jiko na choo, linatosha. Ukipata upele, kubanwa kifua, mkojo mweusi au macho ya manjano, acha kumeza na uende hospitali na chupa yenyewe. Namba ya bechi iliyoko chini yake ndiyo itakayowawezesha kufuatilia.